Filamu haijatoka, kesi imeshafunguliwa

*Wasomaji wa Children of Blood and Bone wameisubiri filamu yake tangu 2018. Sasa tarehe ipo, waigizaji wapo, na kila mtu ana neno la kusema kuhusu sura, lafudhi na mwenye mali.*

Machi 2012 filamu ya The Hunger Games ilianza kuonyeshwa Marekani, na baadhi ya vijana walioisubiri kwa hamu walitoka ukumbini wamenuna. Kilichowakera ni mtoto mmoja, Rue, msichana mdogo ambaye kifo chake kiliwaliza wasomaji wengi wa riwaya ya Suzanne Collins. Kwenye filamu Rue aliigizwa na Amandla Stenberg, mtoto mweusi wa miaka 13.

Wakaingia Twitter kulalamika. Wengine waliandika kwamba hawakujua Rue ni mweusi. Wengine walikiri bila haya kwamba kifo chake hakikuwauma tena kama kilivyowauma kitabuni. Collins alikuwa ameshaandika waziwazi kwamba ngozi ya Rue ni ya kahawia iliyokolea. Walisoma, macho yakaruka mstari.

Januari 2025 jina la Stenberg likawasha moto mwingine. Kampuni ya Paramount ilitangaza waigizaji wa Children of Blood and Bone, riwaya ya kinjozi ya Tomi Adeyemi, na Stenberg akapewa nafasi ya Amari, binti mfalme anayelikimbia kasri la baba yake. Safari hii waliolalamika ni wasomaji weusi wenyewe, Waafrika na Wamarekani, na shtaka lilikuwa kinyume cha lile la kwanza: Stenberg, ambaye baba yake ni Mdenmaki, si mweusi wa kutosha kuwa Amari.

Ni rahisi kucheka na kusema mashabiki hawaridhiki. Lakini kelele hizi mbili hazifanani hata kidogo. Wale wa 2012 walikataa kilichoandikwa kitabuni. Hawa wa 2025 wamekishika kitabu mkononi na wanauliza kwa nini hakikufuatwa.

Ufalme wa Orïsha

Kwa ambaye hajakutana na kitabu chenyewe, Children of Blood and Bone kilitoka Machi 2018, mwandishi akiwa na miaka 24, na kikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza ya orodha ya vitabu vya vijana ya New York Times. Wazazi wa Adeyemi ni Wanigeria waliohamia Marekani. Yeye alizaliwa huko, akakulia karibu na Chicago, akasoma fasihi ya Kiingereza Harvard. Picha za orisha, miungu ya Wayoruba, zilizomwasha hazikuwa za Lagos. Alizikuta Salvador, Brazil, alikokwenda kufanya utafiti baada ya chuo, mahali ambapo vizazi vya watumwa waliotolewa Afrika Magharibi wanaendeleza ibada hiyo hadi leo.

Hadithi inamfuata Zélie, msichana mwenye nywele nyeupe, alama ya ukoo wa waganga. Miaka kumi na moja nyuma Mfalme Saran aliwaua waganga wote watu wazima, mama yake Zélie akiwa mmoja wao, na tangu hapo uganga umekufa nchini. Watoto wao wameachwa hai, wakitozwa kodi za kukomoana na kuitwa majina ya wadudu. Amari anatoroka na ngozi yenye maandishi ya kale inayoweza kuurudisha uganga, wanakutana na Zélie, na kaka yake Amari, mwana mfalme Inan, anatumwa kuwawinda. Kuna simba wenye pembe wanaopandwa kama farasi.

Pia kuna polisi wa Marekani, ingawa hawatajwi ndani ya hadithi. Adeyemi aliiandika wakati habari za vijana na watoto weusi wasio na silaha kuuawa na askari zikifuatana, na katika maneno yake ya mwisho kitabuni anasema wazi kwamba humo ndimo hadithi ilimotoka. Hili tulishike, kwa sababu ugomvi wa baadaye umelala hapa. Jina la ufalme ni la Kiyoruba na maneno ya uganga ni Kiyoruba. Jeraha ni la Marekani.

Ramani nayo ina mchezo wake. Miji ina majina ya kweli ya Nigeria: Lagos, Ibadan, Sokoto, Zaria. Lakini Ilorin, kijiji cha Zélie, kinaelea juu ya bahari, wakati Ilorin halisi ni mji mkubwa wa bara, mbali kabisa na pwani. Mnigeria anayeisoma ramani hiyo anaweza kusema: hii ni nchi yangu. Anaweza pia kusema: huyu hajawahi kufika kwetu. Nimeona zote mbili zikisemwa.

Miaka ya kabatini

Haki za filamu zilinunuliwa 2017, kabla kitabu hakijaingia dukani. Mnunuzi alikuwa Fox 2000. Februari 2019 akatangazwa mwongozaji, Rick Famuyiwa, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria. Mwezi uliofuata Disney ikakamilisha ununuzi wa Fox, na kitengo cha Fox 2000 kikafungwa. Mradi ukasukumwa kwa Lucasfilm, watu wa Star Wars, ukakaa. Mwanzoni mwa 2022 ukahamia Paramount, safari hii mwandishi mwenyewe akiwa amepewa kazi ya kuandika mswada na nafasi ya mtayarishaji mtendaji. Uongozaji ukaenda kwa Gina Prince-Bythewood, aliyetengeneza The Woman King ya 2022.

> Haki ziliuzwa 2017, kabla kitabu hakijaingia dukani. Filamu imepangiwa tarehe 15 Januari 2027.

Hesabu ya miaka inatisha, lakini mradi huu una bahati. Tazama jirani zake. Who Fears Death ya Nnedi Okorafor ilitangazwa na HBO mwaka 2017, George R. R. Martin akiwa mmoja wa watayarishaji, mashabiki wakapiga vigelegele. Black Leopard, Red Wolf ya Marlon James ilinunuliwa 2019, mnunuzi mmojawapo akiwa Michael B. Jordan. Wasomaji wa vitabu hivyo hawajapata hata trela ya kugombania. Hata Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, ambayo si njozi na ambayo Lupita Nyong'o aliipigania kwa miaka, iliagizwa na HBO Max kuwa tamthilia, kisha 2020 ikafutwa Lupita alipolazimika kujitoa kwa kubanwa na ratiba.

Ndiyo maana tangazo la Januari 2025 lilipokelewa kwa uzito ule. Mtu akisubiri basi moja kituoni kwa miaka saba, halafu likaja, atataka kujua limepakia nani.

Orodha ya majina

Lilikuwa limepakia watu wazito. Zélie ni Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, aliyeng'ara kwenye The Underground Railroad na The Woman King. Inan ni Damson Idris, na Tzain, kaka yake Zélie, ni Tosin Cole. Mfalme Saran ni Chiwetel Ejiofor, malkia wake Regina King. Viola Davis ni Mama Agba, bibi anayewafundisha wasichana kupigana kwa fimbo. Wamo pia Cynthia Erivo, Idris Elba na Lashana Lynch.

Wasomaji wa Nigeria wakaipitia orodha jina kwa jina. Idris, Cole, Ejiofor na Erivo wote wana damu ya Nigeria. Wote pia ni zao la Uingereza. Elba baba yake ni wa Sierra Leone na mama yake wa Ghana, Lynch asili yake ni Jamaika, Davis na King ni Wamarekani. Kwa filamu yenye miungu ya Kiyoruba, inayoitaja Lagos kuwa mji mkuu, wakauliza: aliyezaliwa Nigeria, anayelala na kuamka Nigeria, yuko wapi? Nollywood ni moja ya viwanda vikubwa vya filamu duniani kwa idadi ya filamu zinazotolewa kila mwaka. Haiwezekani ikakosa mtu.

Adeyemi akatangaza usaili wa wazi kwa waigizaji wa Nigeria, na orodha iliyofuata ikamleta Richard Mofe-Damijo, mkongwe wa Nollywood ambaye hata watazamaji wetu wa Afrika Mashariki wanamjua kwa sura kama si kwa jina, pamoja na mwanamuziki Ayra Starr. Kelele zikapungua kidogo. Hazikuisha, kwa sababu nafasi za mbele zilikuwa zimeshajaa.

Upande wa pili una hoja, na isipuuzwe. Adeyemi mwenyewe ni mtoto wa ughaibuni. Kitabu kimeandikwa na mtu wa Chicago aliyezikuta picha za orisha Brazil, na ndani yake malkia anaitwa Nehanda, jina ambalo watu wa Zimbabwe wanalijua kutoka kwa Mbuya Nehanda, aliyenyongwa na wakoloni 1898. Ukiutafuta ufalme huo kwenye ramani ya kweli utazunguka Atlantiki yote. Waigizaji waliotoka Pietermaritzburg, London na Los Angeles wanalingana na kitabu kama kilivyo. Wanaoshika hoja hii wanasema Nigeria inadai kitu ambacho hata kitabuni hakikuwa cha Nigeria peke yake.

Mimi hoja hiyo inanishawishi nusu tu. Mwandishi ana uhuru wa kuchanganya anavyotaka, na hakuna wa kumdai. Lakini kampuni ya filamu ikishachukua miungu, majina ya miji na lugha ya watu, halafu katika tangazo la kwanza ikawakosa watu wenyewe, maswali hayo ni ya haki hata kama kitabu ni cha mtoto wa ughaibuni.

Ngozi ya Amari

Suala la Stenberg ni jingine kabisa, ingawa masuala haya mawili yamechanganywa. Huku hakuna aliyeulizia pasipoti.

Kitabuni rangi ya Amari ina kazi katika hadithi. Mama yake, Malkia Nehanda, anaisimanga ngozi ya bintiye na anataka iwe nyeupe zaidi, kama anavyoona inafaa kwa watu wa kasri. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa. Mkorogo anaujua, na mashangazi wanaomwambia mtoto asikae juani anawajua. Adeyemi aliichukua aibu hiyo ya majumbani akaiweka kwenye ufalme wa kubuni, na wasichana weusi tii waliosoma sura zile walijiona humo. Sasa akiwekwa mwigizaji wa rangi ya maji ya kunde iliyo nyepesi, masimango ya malkia yanabaki yanamsimanga nani?

> Kitabuni malkia anataka ngozi ya bintiye iwe nyeupe zaidi. Wasomaji wanauliza filamu itafanyaje na hilo.

Stenberg si mgeni wa mjadala huu. Mwaka 2018 alieleza kwamba alijitoa kwenye usaili wa Black Panther kwa kuona kwamba nafasi ile haikumstahili mtu wa rangi yake. Wengi walimsifu wakati ule. Kauli hiyohiyo ndiyo iliyofukuliwa 2025: kama alilijua hilo kwa Wakanda, nchi ya Black Panther, kwa nini asilijue kwa Orïsha? Alijibu kwa video akisema anaelewa upendeleo wanaoupata waigizaji weusi wa rangi nyepesi, na kwamba hakuichukua nafasi hii bila kulifikiria hilo. Wapo waliomwelewa. Wapo waliosema kuelewa hakutoshi.

Hapa nasimama na wasomaji. Simlaumu mwigizaji, kwani haajiri mtu. Mwenye kuajiri ndiye wa kuulizwa. Hata hivyo kuna upande mmoja wasiopenda kuukumbuka: mwandishi wa kitabu ni mmoja wa waandishi wa mswada na mtayarishaji mtendaji. Mashabiki waliozoea kusema "wameharibu kazi ya mwandishi" safari hii hawana pa kuegemea. Kama Amari amebadilika, aliyemuumba alikuwepo.

Kesi za zamani

Linganisha na Ursula K. Le Guin. Riwaya yake ya kwanza ya Earthsea, ya 1968, ina shujaa anayeitwa Ged, mwenye ngozi ya kahawia nyekundu, na watu wengi wa visiwa vile si weupe. Mwaka 2004 kituo cha televisheni cha Sci Fi cha Marekani kiliitengeneza na kumfanya Ged mzungu. Le Guin hakuwa na kauli yoyote katika uamuzi huo. Alichobaki nacho ni kalamu, akaandika makala ya hasira kwenye jarida la Slate. Filamu ilishapita.

Mashabiki wa Tolkien ndio waliopata bahati nzuri zaidi. Mwongozaji Peter Jackson alijibu maswali yao kwenye intaneti tangu 1998, kabla hajapiga picha hata moja. Kipande cha kwanza cha The Lord of the Rings kilipowekwa mtandaoni Aprili 2000 kilipakuliwa mara milioni 1.7 katika saa 24, enzi za intaneti ya simu ya mezani. Walipogundua kwamba Arwen, aliyeigizwa na Liv Tyler, amepelekwa kupigana kwenye vita vya Helm's Deep ambako kitabuni hayupo, walikuja juu. Picha za tukio hilo zilikuwa zimeshaanza kupigwa, na bado Arwen akaondolewa vitani.

Kesi inayofanana zaidi na hii yetu haina hata joka mmoja. Ni Half of a Yellow Sun, filamu ya 2013 iliyotokana na riwaya ya Adichie kuhusu vita vya Biafra. Olanna, mwanamke wa Kiigbo, alipewa Thandiwe Newton, ambaye mama yake ni Mzimbabwe na baba yake Mwingereza. Wanigeria walianzisha waraka wa kumpinga wakisema hafanani na mwanamke wa Kiigbo. Mume wa Olanna kwenye filamu hiyo? Chiwetel Ejiofor, mfalme wetu wa leo. Cynthia Erivo naye alishakalia kiti hicho kutoka upande wa pili: alipopewa nafasi ya Harriet Tubman katika filamu ya Harriet ya 2019, Wamarekani weusi walilalamika kwamba mtoto wa Wanigeria kutoka London anachukua shujaa wao.

Kwa hiyo si kweli kwamba Wanigeria ndio wagumu. Kila jamii iliyosubiri muda mrefu kujiona kwenye kioo kikubwa inakagua sana siku kioo kinapoletwa.

Tarehe inajieleza

Picha zilipigwa Afrika Kusini mwaka 2025. Hilo nalo lilisemwa, ingawa kibiashara halina la kushangaza: nchi hiyo ina studio, mafundi waliozoea kazi kubwa na marejesho ya fedha kwa watayarishaji wa nje, na Prince-Bythewood alishaitengenezea huko The Woman King, filamu ya ufalme wa Dahomey, bila kuhitaji kwenda Benin.

Filamu hiyo ya Dahomey ni ya kuangaliwa kwa jicho la mhasibu. Iligharimu dola milioni 50 na kukusanya zaidi ya milioni 90 duniani, heshima nzuri ila si utajiri. Black Panther ya 2018 ilivuka bilioni 1.3. Children of Blood and Bone ina simba wenye pembe, uganga wa moto na maji, mji unaoelea na jeshi. Vitu hivyo havitengenezwi kwa bei ya Dahomey. Na Paramount iliyonunua mradi huu si ileile: Agosti 2025 iliungana na Skydance, ikapata wenye mali wapya, na wenye mali wapya hupenda kupitia madaftari.

Sasa itazame tarehe, Ijumaa ya 15 Januari 2027. Jumatatu inayofuata, tarehe 18, ni sikukuu ya Martin Luther King, wikiendi ndefu ambayo Wamarekani weusi huenda sinema kifamilia. Tarehe hiyo haina maana yoyote Lagos. Imechaguliwa kwa mtazamaji wa Atlanta, na orodha ya waigizaji wakubwa ilichaguliwa kwa mtazamaji huyohuyo, ambaye atanunua tiketi kwa ajili ya Viola Davis kabla hajajua Orïsha ni nini.

Wasomaji wa Nigeria wanalijua hili vizuri kuliko wengi, na ndiyo maana wengi wao wameacha kubishana kuhusu nafasi zilizokwishajazwa. Wamehamia kwenye masikio. Kitabuni maneno ya uganga yamechapwa kwa Kiyoruba, lugha ambayo sauti ikipanda au ikishuka neno linakuwa jingine. Mbedu lugha yake ni Kizulu. Waliosikia Kixhosa cha Wakanda wanajua kwamba Hollywood ikitaka kujifunza inaweza kujifunza, na wanajua pia ni mara ngapi haikutaka.

Adeyemi ameshaandika vitabu vitatu vya hadithi hii, cha mwisho kikiwa kimetoka Juni 2024. Kama cha pili kitapigwa picha au la, kitaamuliwa na mapato ya wikiendi ile ya kwanza, yatakayohesabiwa Los Angeles kwa safu mbili: soko la ndani, maana yake Marekani na Kanada, na soko la nje. Tiketi za Lagos, Ibadan na Ilorin ya kweli zitaingia kwenye safu ya pili, zikijumlishwa pamoja na za Ujerumani na Japani.